Kanga ni Ndege: Siku Saba Kati ya Morogoro na Mombasa

Nimerudi Morogoro wiki ya pili sasa. Daftari langu la safari lina doa la ukwaju kuanzia ukurasa wa siku ya nne, na baadhi ya bei nimezisoma kwa kubahatisha. Picha zilizo kwenye simu ndizo zilizonisaidia kupanga saa na mahali.

Nafundisha jiografia. Mada ya utamaduni, lugha na dini huwa naimaliza kwa vipindi vinne: ubao, ramani yenye rangi, maswali, basi. Rangi ya kijani Waislamu, buluu Wakristo, mistari Wahindu. Likizo ya Juni nikasema safari hii niende mahali ambapo rangi hizo zote zimemwagwa kwenye kisiwa kimoja. Mama aliposikia Mombasa, yeye jiografia hakuitaka. Aliniagiza kanga, doti mbili, akanipa na picha ya kanga yake ya zamani ili nisikosee rangi.

Picha hiyo ndiyo iliyonipa kazi ya safari. Niliamua kila nitakaposimama nimwonyeshe mtu na kumuuliza: kitambaa hiki mnakiitaje? Wanaisimu wana neno lao, isoglosi, yaani mstari kwenye ramani ambao upande mmoja watu husema hivi na upande wa pili husema vile. Nilitaka kuuvuka mstari mmoja kwa miguu yangu.

Siku ya 1: Morogoro hadi Tanga

Basi, usingizi, Chalinze, basi tena. Tanga nililala gesti ya shilingi 25,000 yenye feni inayolia kama pikipiki. Mhudumu wa mapokezi alipoona picha alisema, "Kanga." Nikaandika.

Siku ya 2: Tanga – Horohoro – Likoni

Gari la saa mbili asubuhi liliondoka saa nne kasoro. Nauli nililipa 25,000 za kwetu. Lami hadi mpakani ni nzuri, mikorosho na minazi pande zote, na ndani ya gari Kidigo kilikuwa kinasikika kuliko Kiswahili. Mama aliyekaa nami alikuwa anakwenda msibani upande wa Kwale. Dada zake wawili wako Kenya, yeye na kaka yake wako Tanzania. Mstari uliowatenganisha ulichorwa na Waingereza na Wajerumani mwaka 1886, ukianzia mdomo wa mto Umba na kukwea kuelekea Ziwa Viktoria. Walioketi mezani Ulaya hawakujua kuna watu wanaoitwa Wadigo, au walijua na hawakujali. Nimeufundisha mstari huo miaka 11 kama tarehe ya kukariri. Mama huyu anaulipia nauli.

Nilimwonyesha picha. "Kanga," akasema, kisha akajirekebisha: "Kwa dada zangu huko mbele ni leso."

Kwetu leso ni kitambaa cha kufutia jasho. Nikacheka. Akanitazama kama mtu anayesubiri nimalize.

Kwa atakayekwenda: kwa Mtanzania kitambulisho cha taifa pekee hakitoshi Horohoro. Beba pasi, au hati ya safari ya muda uliyoipata mapema. Kadi ya homa ya manjano waliniuliza, na kijana mmoja wa gari letu hakuwa nayo. Tukamsubiri saa nzima na dakika kadhaa. Forodha na uhamiaji wa nchi zote mbili vimo kwenye jengo moja siku hizi, kwa hiyo unapanga foleni mara moja. Fedha badilisha kiasi kidogo tu pale mpakani, kiasi cha nauli na chakula. Mimi nilipiga hesabu ya 20 zetu kwa 1 yao, na wabadilishaji wa barabarani walitaka kunipa pungufu ya hapo.

Nilimuuliza askari wa upande wa Tanzania: kanga. Hatua mia moja mbele, muuza machungwa wa Lungalunga: "Leso hiyo." Yaani mstari wangu niliupata siku ya pili tu, tena juu ya mpaka wenyewe! Nilifurahi kama mwanafunzi. Baadaye nikajiuliza imekuwaje. Kidigo hakibadiliki pale, dini haibadiliki, minazi ni ile ile. Kinachobadilika ni duka la jumla. Kanga za Horohoro hutoka Dar es Salaam na leso za Lungalunga hutoka Mombasa, na kila mzigo huja na jina lake. Sina utafiti wa kuonyesha, ila tangu hapo safari nzima nilikuwa nikiangalia mizigo.

Msambweni mkanda wa injini ukakatika. Kampuni siitaji, dereva mwenyewe alikuwa ameshachoka kuliko sisi. Tulikaa chini ya mwembe kuanzia saa nane hadi saa kumi na nusu. Mzee mmoja alitoka nyumbani kwake na mkeka, akautandika bila kusema neno, akarudi na madafu manne na panga. Tulipotaka kumlipa akasema, "Msafiri halipi kivuli." Madafu je? Akacheka tu.

Likoni tulifika wakati wa magharibi. Abiria wote hushuka na kuingia kivukoni kwa miguu, na anayetembea halipi kitu. Umati ule ni lazima uuone: mikokoteni ya maji, baiskeli, wanafunzi, mabuibui, wauza karanga, watu waliobeba magodoro kichwani, wote wakiteremka mteremko mmoja. Upepo wa kusi ulikuwa unapiga kweli. Mbele yangu mama mmoja akageuka na kupaza sauti, "Ndoo! Ndoo hapa!" Nikaangalia chini kutafuta ndoo nimpishe. Mtoto wa miaka mitano akapita chini ya mkono wangu na kumkimbilia. Njoo, kumbe. Kimvita kinasema ndoo.

Mwenyeji wangu alikuwa shangazi wa mwalimu mwenzangu, mtu mzima, wote mtaani wanamwita Bi Mkubwa nami nitamwita hivyo. Nyumba yake iko Mji wa Kale, ngazi za mbao, mlango mzito. Nilibisha hodi saa mbili usiku nikiwa na vumbi la nchi mbili.

"Shikamoo, Bi Mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Pole na ndia. Una ndaa?"

Safari hii nilielewa.

Siku ya 3: Mji wa Kale

Asubuhi mahamri na mbaazi za nazi. Bi Mkubwa hakuniruhusu kulipia chochote ndani ya nyumba yake, lakini siku nyingine nilikula kibandani: mahamri manne na sahani ya mbaazi shilingi 120 za Kenya. Hamri la Mombasa lina iliki na nazi, limevimba, ndani tupu. Unalipasua na kulijaza mbaazi. Msije mkaliita andazi mbele ya mpishi.

Nilianzia ngomeni. Ngome ya Yesu ilijengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596 kwa ramani ya Mwitaliano, Giovanni Battista Cairati, na tangu 2011 imo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Onyesha pasi yako ya Afrika Mashariki mlangoni, kiingilio kinapungua. Nenda mapema, saa tano jua linageuza ule uwanja kuwa sufuria. Ukutani kuna michoro ya meli iliyochorwa na mabaharia wa Kireno, mistari ya mtu aliyekuwa na muda mwingi na hamu ya kurudi kwao.

Lakini nilichokaa nacho muda mrefu ni neno. Wareno walikuwa na kanisa ndani ya kuta hizi, na kanisa kwa Kireno ni igreja. Wenyeji walisikia, wakalitamka walivyoweza: gereza. Waingereza walipoifanya ngome jela, kuanzia 1895 hadi 1958, neno lilikuwa limeshazoea kuta. Leso nayo ni ya Kireno, na meza, na bendera, na mvinyo. Walitawala hapa karibu miaka mia, dini yao haikushika, ila waliacha fanicha.

Kutoka ngomeni nilipita Mtaa wa Ndia Kuu. Miaka yote nilisoma jina hilo kwenye ramani nikidhani ni jina la mtu. Njia Kuu! Ndiyo barabara kubwa ya mji, na upana wake gari mbili hazipishani vizuri.

Msikiti wa Mandhry, wa mwaka 1570, una mnara mnene unaochongoka kwenda juu kama koni nyeupe. Mimi ni Mkristo, sikuingia. Nilikaa barazani ng'ambo ya barabara na mzee aliyekuwa akishona kofia. Nikatoa simu kufungua dira. Upande wa kibla unaelekea kaskazini, karibu kabisa na kaskazini yenyewe.

"Kwani wewe wadhani Makka iko wapi?" akaniuliza. Nikasema mashariki. Huko bara tumezoea kusema Waislamu husali kuelekea mashariki; labda tumesoma kwenye vitabu vya wenzetu wa Ulaya na Marekani. Nikafungua ramani. Mombasa iko kwenye longitudo ya nyuzi 39 na dakika 40, Makka nyuzi 39 na dakika 50. Zimepangana juu na chini, kama vifungo vya shati.

"Wazee wetu wakisema kibla walikuwa na maana ya huko," akaonyesha kwa sindano. "Na upepo wa huko ni kaskazi."

Hapo nikanyamaza. Kaskazi ndio unaovuma kutoka Bara Arabu na India kati ya Desemba na Machi na kusukuma majahazi kuja huku. Kusi huanza Aprili na kuyarudisha. Kaskazini ni kwa kaskazi, kusini ni kwa kusi. Ninaandika maneno hayo ubaoni kila wiki na sikuwahi kuuona upepo ndani yake. Uislamu ulifika pwani hii kwa ratiba hiyo: mfanyabiashara anakuja na kaskazi, anasubiri kusi, na katika kusubiri anaoa, anajenga, anafundisha watoto Kurani. Vitabuni tunaiita uenezi wa kuhama, mtu anapohama na dini yake mfukoni. Kusubiri upepo hakumo kitabuni, nami naona ndiko kulikofanya kazi kubwa.

Siku ya 4: Biashara Street, na lile doa

Nilikwenda kutafuta mzigo wa mama. Biashara Street ni mtaa wa nguo, na kuna duka lililoanza tangu 1887, la ukoo wa Kaderdina Hajee Essak, ambaye chapa yake ya "Mali ya Abdulla" inajulikana pwani nzima. Inasemwa yeye ndiye aliyeanza kutia maandishi kwenye leso, kwanza kwa herufi za Kiarabu, baadaye za Kirumi. Mimi sikununua pale, nilinunua duka dogo mbele kidogo kwa sababu mwenye duka alinikaribisha kiti.

"Naomba kanga, doti mbili."

"Kanga?" Akamgeukia kijana wake. "Huyu ataka kanga. Tunafuga?" Wakacheka wote na wateja wawili juu yake. "Kanga ni ndege, kaka yangu. Hapa ni leso. Wewe Mtanzania. Nimekujua kwa hilo naomba."

Kisha akanieleza, huku akifunua moja baada ya nyingine. Zamani, katikati ya karne ya 19, wanawake walikuwa wakinunua vitambaa vya mkononi vya Kireno vikiwa jora, havijakatwa, na kuvishona pamoja hadi vikatosha kujitanda. Ndiyo leso. Baadaye zikaja zenye madoadoa kama manyoya ya kanga, nalo jina la pili likapata mahali. Kwa hiyo sote tuna haki: sisi tulichukua ndege, wao wakabaki na kitambaa cha Mreno. Na kile kitambaa kidogo cha jasho, ambacho ndicho lenço chenyewe, tumekihifadhi sisi kwa jina lile lile bila kujua.

Nilichagua jozi mbili kwa maandishi, si kwa rangi. Mama atanisamehe. Nilipatana kutoka 900 hadi 750 kila jozi. Mwambieni fundi aliye nje ya duka azikate na kuzikunga pindo hapo hapo. Mimi nilingoja dakika kumi, nikampa shilingi 50.

Mchana nilizunguka kutazama nyumba za ibada. Kanisa kuu la Waanglikana lililojengwa 1903 hadi 1905 lina kuba na matao. Ukilitazama kwa mbali bila kuona msalaba utavua viatu. Hekalu la Wajain la Langoni, la mwaka 1963, ni marumaru nyeupe tupu. Pale mlinzi alinivua viatu na mkanda, kwani ngozi haiingii, nikazunguka nikishikilia suruali. Ukienda, vaa mkanda wa kitambaa. Wanafunzi wangu huwa wanauliza kwa nini Uhindu na Ujain tunaziweka upande wa dini za jamii fulani, wakati Uislamu na Ukristo ni za ulimwengu. Nitawaambia juu ya mlinzi huyo. Nilimuuliza kama mtu kama mimi anaweza kujiunga. Hakukasirika, alishangaa tu, kama niliyemuuliza kama naweza kuwa mjomba wake.

Jioni, Mama Ngina, ukingoni mwa bahari, nikala viazi karai. Kiazi kinachemshwa, kinachovywa kwenye uji wa unga wa rangi ya manjano, kinatumbukizwa kwenye mafuta. Unapewa na ukwaju mzito wenye pilipili. Karai ni neno la Kihindi, kiazi ni cha Amerika ya Kusini, ukwaju ni wetu. Nilikuwa naandika sentensi hiyo hiyo daftarini kwa majivuno wakati bakuli la ukwaju lilipopinduka. Sahani shilingi 100. Daftari halina bei.

Siku ya 5: Rabai

Matatu za Kaloleni hupita Mazeras na Rabai. Makanga, yaani konda, alinitoza 150, akamtoza bibi aliye nyuma 100, nikadai, akanirudishia 50 akitabasamu: "Pole mwalimu, nilidhani mgeni." Sikuwa nimemwambia kuwa ni mwalimu. Inaonekana usoni, nadhani.

Rabai ni kilima chenye upepo, mnazi baada ya mnazi. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa 1844, akamzika mkewe Rosine na mtoto mchanga mwaka huo huo, na 1846 akapanda huku pamoja na Johannes Rebmann kuanzisha misheni. Kanisa la zamani ni makumbusho sasa, na nyumba zao zipo bado. Kutoka hapa Rebmann alikwenda akaiona theluji ya Kilimanjaro Mei 1848, na wasomi wa Ulaya wakambishia.

Nilichokipenda ni hiki. Krapf alipoanza kufasiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, mwaka ule wa 1844, aliyemsaidia ni kadhi wa Mombasa. Mchungaji Mjerumani na kadhi Mwislamu, wamekaa na Musa katikati yao. Ndiyo maana Mkristo wa Morogoro leo anasali kwa maneno yaliyokuja na majahazi: sala, dhambi, nabii, malaika, Injili, sadaka. Ukiyaondoa maneno hayo kwenye misa yetu ya kwanza ya Jumapili, padri atabaki na Mungu, na Mungu ni neno la Kibantu.

Na misheni mbili za Kikristo zilibeba lahaja mbili. Wamisheni wa huku waliandika kwa Kimvita. Wale wa Unguja, wakina Askofu Edward Steere, waliandika kwa Kiunguja. Biblia ya Kimvita nzima ilitoka 1914, Waunguja walikuwa na yao, na mwaka 1952 zikaunganishwa ikapatikana tafsiri ya Muungano, ile tunayoisoma wengi. Mimi miaka yote nilidhani ni Muungano wa Tanganyika na Zanzibar, ambao ni wa 1964. Nimekiri.

Kuna jambo jingine nilitaka kuliona, nikaliona njiani tu wakati wa kurudi, nilipozunguka Nyali kwa makosa yangu: Kengeleni. Makanga wanaliita kwa sauti siku nzima, "Kengeleni, Kengeleni!", na kengele yenyewe ipo kando ya barabara. Hapa palikuwa Frere Town, kijiji cha watumwa walioachwa huru, kilichoanzishwa na wamisheni 1875 na kupewa jina la Sir Bartle Frere, Mwingereza aliyepigania kukomesha biashara ya watumwa. Baadhi ya wakazi wake wa kwanza walikuwa Waafrika waliokombolewa baharini, wakapelekwa India kusomeshwa Nasik, kisha wakarudishwa pwani hii. Waliitwa Waafrika wa Bombay. Mtu anatekwa bara, anauzwa pwani, anabatizwa India, anarudi Mombasa akiwa na jina kama William Jones. Kwenye ramani yangu ya darasani angepakwa rangi gani?

Usiku, barazani. Muuza kahawa alipita na dele lake akigonganisha vikombe, kahawa chungu shilingi 10 kikombe, kashata 10. Mzee wa kofia alikuwepo na wenzake watatu, na wakaniuliza kama ni kweli sisi Watanzania tunajiona wenye Kiswahili. Nilijibu kwa adabu kuwa shuleni tunafundishwa sanifu.

"Na hicho sanifu kilichaguliwa wapi?"

Nilikijua kitabuni: mkutano wa mwaka 1928, uliotoa uamuzi kuwa Kiunguja ndicho kitakachosanifishwa Afrika Mashariki. Mkutano ulifanyika Mombasa.

"Hapa hapa," mmoja akasema, akipiga baraza kwa kiganja. "Walikuja kwetu, wakalala kwetu, wakala kwetu, wakachagua cha Unguja."

Kilichowapa Waunguja ushindi si utamu wa maneno. Kiunguja kilikuwa kimeshabebwa na misafara hadi Tabora na Ujiji, Wajerumani wakakitumia kwenye boma zao, na vitabu vya misheni vikawa tayari. Kimvita kilikuwa na washairi, Muyaka bin Haji miongoni mwao, na kamusi ya Krapf ya 1882. Hakikuwa na barabara ndefu. Nilipowaeleza hivyo, kwamba lugha nayo hufuata mzigo kama leso, yule mzee alikunywa kahawa yake hadi mwisho ndipo akajibu.

"Basi nyinyi mwasema Kiswahili cha wapagazi."

Wakacheka mpaka dirisha la juu likafunguliwa na mtu akatuambia watoto wamelala.

Siku ya 6

Mvua tangu alfajiri hadi alasiri. Nililala, nikakunja nguo, nikamsaidia Bi Mkubwa kukuna nazi na kuambiwa nakuna kama mtu anayepiga mswaki.

Siku ya 7: Kaya Kinondo, na nyumbani

Niliaga saa kumi na moja na nusu. Bi Mkubwa alinifungia mkate wa sinia kwenye karatasi, akanipa na chupa ya achari ambayo sikuiomba. Kivuko, matatu hadi Ukunda, kisha bodaboda hadi Kinondo.

Misitu ya kaya za Mijikenda iliingia Urithi wa Dunia mwaka 2008, misitu kadhaa iliyotawanyika pwani kwa kilomita zipatazo 200. Mijikenda ni makabila tisa, na kila moja lilikuwa na kaya zake, vijiji vyenye boma ndani ya msitu. Watu walishatoka, msitu ukabaki na wazee wake na makaburi. Kaya nyingi haziruhusu mgeni. Kinondo ya Wadigo inaruhusu, kwa mwongozaji na kiingilio. Ofisini unafungwa kitambaa cheusi kiunoni, kofia unavua, na unaambiwa masharti: hutoi kitu, hata jani lililokwama kwenye kiatu unalirudisha. Kubusiana hakuna. Sikuwa na wa kubusiana naye.

Ndani ni baridi na kimya, miti mingine ina mizizi iliyosimama juu kuliko mimi. Mwongozaji alikuwa kijana Mdigo mwenye kanzu chini ya kile kitambaa cheusi. Alinionyesha mahali wazee huja kuomba mvua na alitamka jina: Mulungu. Nikamwambia bibi yangu, Mluguru, anasema Mulungu pia. Akasimama. "Wallahi?" Kisha tukaanza kuhesabu maneno mengine tunayofanana, tukasahau kutembea.

Adhana ya adhuhuri ilisikika kutoka kijijini. Akaniomba radhi, akanifikisha ukingoni, akavua kile kitambaa cheusi na kukikunja vizuri, akaenda msikitini. Nilitaka kumuuliza anavyovipatanisha viwili hivyo. Sikumuuliza, maana kwa jinsi alivyokikunja kile kitambaa niliona kuwa hakuna anachopatanisha.

Uislamu unaweza kuuhamishia Morogoro, nao umehamia. Ukristo umetoka mbali zaidi. Kaya haihami. Ukikata miti ile, hakuna mahali pengine pa kuisalia. Nimeandika hilo kwenye noti za kidato cha tano kwa wino mwekundu.

Kwa atakayekwenda: kutoka Ukunda hadi Lungalunga pata matatu kabla ya saa nane, baada ya hapo zinajaza polepole. Mimi nililipa 300 na kukaa mlangoni.

Horohoro jua lilikuwa linazama. Ofisa wa forodha wa kwetu, mtu mpole, alitazama begi langu lililovimba.

"Umebeba nini, mwalimu?" Huyu naye.

"Achari, mkate, na leso mbili. Jozi mbili."

Akaangalia mfuko wangu wa shati. "Leso jozi mbili? Una mafua?"

Nikafungua begi. Akainua pindo moja kwa vidole viwili, akasoma maandishi taratibu, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Aa," akasema, "kanga."